Fomu Iliyouliza Mara Moja

Usiku wa jana sikuota kitu. Ndoto niliyoiota ilinijia mchana, saa nane na robo, saa ambayo mtu mwenye kazi yake na akili zake halali. Kazi ninayo. Akili zangu ndizo siku hizi zimekuwa kiguu na njia.

Naitwa Kibibi. Nakaa Tanga, mtaa wa Chuda, na mama yangu Bi Mwanakombo, na kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wateja wa kampuni moja ya bima. Zamani tulikuwa na ofisi hapa hapa mjini, ina viti, ina birika, ina intaneti ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi. Mwaka jana wakaifunga. Wakatuambia tufanyie kazi nyumbani, wakatuletea fomu.

Fomu ile ilikuwa na swali moja la maana: Je, unahitaji ofisi ikuchangie gharama za intaneti? Ndiyo. Hapana.

Sasa, kwetu ukiwakuta watu wanakula wakakwambia karibu, mara ya kwanza unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka jirani anasikia. Mara ya pili unasema, haya, labda maji. Mara ya tatu unanawa. Anayenawa kwa karibu ya kwanza huitwa jina lake lile lile, lakini kwa sauti nyingine.

Kwa hiyo nikatia alama kwenye Hapana, nikakaa kusubiri kuulizwa tena.

Miezi minane imepita. Mwenzangu Gaudensia wa Morogoro alitia Ndiyo siku ile ile bila kupepesa macho, na kila mwezi anawekewa bando lake. Mimi langu nanunua mwenyewe, na lote linaishia kwenye vikao vya ofisi, maana bosi wetu, Bwana Mlingwa, anataka kamera ziwe wazi tuonane nyuso. Nilimsema sana Gaudensia kwamba hana haya. Nilimsema nikiwa nimeazima intaneti ya jirani.

Ningevumilia, ila kuna Ijumaa. Dada yangu Nasra anafanya kazi za ndani Muscat, na nafasi ya kushika simu anaipata Ijumaa saa kumi za kwetu, basi. Anapiga ya picha, mama amwone. Kila Ijumaa mama anamuuliza, u mzima? Nasra anajibu, mzima mama, sina neno. Hapo hapo bando linakata.

"Hiyo ni mara ya kwanza tu," mama huniambia akinirudishia simu. "Mtoto niliyemlea mimi, mara ya kwanza hasemi kweli. Na mara ya pili sijaipata."

Hajaipata tangu Nasra aondoke, Ramadhani. Nikimwona anavyoirudisha ile simu kwa mikono miwili, kama sahani ya watu, najisikia mwizi.

Jana ilikuwa Ijumaa. Bando lilibaki MB mia tatu, mshahara bado, na Bwana Mlingwa ameitisha kikao saa tisa. Mama alikuwa ameshaoga, ameshavaa kanga mpya ya rangi ya chungwa, amekaa uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akimsubiri Nasra, saa mbili nzima kabla ya wakati. MB zile zilitosha kikao au zilitosha Nasra. Nikajilaza mkekani dakika tano, nifikirie namna ya kumwambia.

Hodi haikupigwa.

Kikao anaingia dirishani, na viatu vyake. Ni mkubwa kama godoro lililosimamishwa, na mwili mzima ana nyuso, kila uso kwenye kisanduku chake, na kila uso unasema, "Mnanisikia? Mnanisikia?"

"Tunakusikia," nasema.

"Mnanisikia?"

Katikati ya chumba pana sinia, na ndani ya sinia limo bando langu, limepikwa. Punje mia tatu za wali, kila punje MB moja, mvuke unatoka. Hilo halikunishangaza. Nilichojiuliza ni nani aliyetia iliki.

Mama anaingia kutoka uani. Mgeni ni mgeni. "Karibu chakula," anamwambia.

Kikao akakaa papo hapo, akaanza kula. Hakukataa hata mara moja, na mkono anaolia ni wa kushoto.

"Huyu kalelewa wapi?" mama akaninong'oneza.

"Dar es Salaam."

"Hata Dar es Salaam wamo watu."

"Mama, akimaliza hizo punje, Nasra atapiga na simu haitafunguka."

"Basi mwambie aache."

"Siwezi kumwambia mgeni aache kula."

"Huwezi," mama akakubali. Tukasimama wote wawili, mikono tumeifumbata kwa adabu, tunamtazama anavyotumaliza.

Nikaona bora nimtafute Bwana Mlingwa mwenyewe. Mlangoni nikazuiwa na mtungi wetu wa maji. Amevaa kofia ya mlinzi na amekumbatia daftari.

"Hakuna kupita bila utaratibu," Mtungi akasema. "Sera ya kampuni, kifungu cha saba. Nyumba ya mfanyakazi itahesabiwa kuwa ofisi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni."

Alivyokuwa akisoma, ukuta wa jiko ukasogea nyuma kama mtu anayepisha, pakatokea meza ya mapokezi, na kalenda, na ua la plastiki lenye vumbi. Mtungi akamtazama mama juu mpaka chini.

"Wewe si mfanyakazi. Wewe ni mgeni." Akaandika kwenye kikaratasi, akambandika mama kifuani kwa pini, juu ya kanga mpya. MGENI 4. Saa ya kuingia: 8:30. Saa ya kutoka: nukta nukta.

"Humu nimezaa watoto wawili," mama akasema.

"Itaandikwa kwenye maelezo mengine. Unakwenda kwa nani?"

"Jikoni."

"Jikoni una miadi na nani?"

"Maharage."

"Yanajua kwamba unakuja?"

Mama akafikiri. "Niliyaloweka jana."

Mtungi akaandika: yanajua. Nikachungulia daftari nione wageni watatu waliotangulia ni akina nani. Walikuwa kuku wetu.

Hapo mimi, badala ya kukasirika, nikafurahi. Nikajiambia, Kibibi, umepona. Kama hapa ni ofisi, basi intaneti ya hapa ni ya ofisi, na mwenye ofisi ndiye mwenye kulipa. Nikageuka kumtafuta mwenye ofisi, na kumbe Bwana Mlingwa yuko pale pale, amekaa nyuma ya cherehani ya mama, amevaa tai.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama.

"Marahaba baba. Nami nina miadi, lakini kaa."

Nikaita risiti zangu za miezi minane. Zikaja zenyewe kwa mstari kama sisimizi, kutoka chini ya kitanda, zikasimama kizingitini.

"Risiti za nini hizi?" Bwana Mlingwa akauliza.

"Za intaneti ya ofisi."

"Ofisi ipi?"

Na kweli, ofisi haikuwapo. Ukuta ulikuwa umerudi mahali pake, meza ya mapokezi imekuwa kinu, ua la plastiki limekuwa fagio. Harufu ya maharage imetanda. Ilikuwa nyumbani kwetu kabisa.

Simu yangu ikalia. Mteja wa Korogwe anataka kujua bima yake ya pikipiki imefikia wapi. Nilipogusa simu tu, kinu kikawa meza, fagio likawa ua, na Bwana Mlingwa akaniambia nikae wima, niko ofisini.

"Kama niko ofisini, chukua risiti."

Risiti zikapiga hatua moja. Meza ikawa kinu.

Ikawa hivyo. Kazi ikiingia, ni ofisini. Gharama ikiingia, ni nyumbani. Kuta zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, mpaka paka wetu akatapika na mimi nikashika kichwa. Mama peke yake hakubabaika. Kila zamu alihesabiwa mgeni au mwenyeji, naye aliendelea kukaza kanga yake.

"Bwana Mlingwa, hapa ni wapi?"

"Inategemea nani anauliza."

"Zinauliza risiti."

"Basi ni nyumbani kwenu. Hongera, pazuri."

Nyuma yangu Kikao anatafuna. Mama akapita karibu na sinia, akarudi. "Kibibi, zimebaki mia mbili na kumi."

"Bwana Mlingwa, nakuomba."

"Mimi sina neno na wewe," akasema, akaanza kufifia kuanzia tai. "Ulijaza Hapana. Kamuulize fomu yako."

Fomu yangu iko kwenye kabati la vyombo, jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote. Nikafungua kabati, nikaondoa bakuli mbili na chupa ya chai, nikaingia.

Ndani ni ukumbi. Mikeka imetandikwa hadi macho yanapoishia, na juu ya mikeka fomu zimekaa mguu juu ya mguu, mamia yao, na mbele ya kila moja pana sinia la bando linalofuka moshi. Hakuna anayekula. Mhuri wa ofisi anapita katikati yao, ameshika upawa.

"Karibu," Mhuri anasema.

"Nimeshiba," fomu inajibu.

Mhuri anapita. Mkeka unaofuata. Karibu, nimeshiba. Karibu, nimeshiba. Pembeni kabisa fomu ya Gaudensia imelala chali, imenenepa, inachokonoa meno kwa kibanio cha karatasi.

Yangu niliitambua kwa doa la chai. Ilikuwa imekonda mpaka mistari yake inahesabika.

"Shikamoo," ikaniamkia.

"Marahaba. Mbona huli?"

"Nasubiri karibu ya pili."

"Miezi yote hii?"

"Nimelelewa na wewe," ikasema. Haikusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Nikamkimbilia Mhuri, nikamshika upawa. "Muulize tena yule pale. Mara moja tu."

"Dada yangu, mimi ni mhuri. Nikigonga mara mbili karatasi moja, karatasi inaharibika. Aulize tena aliyeuliza kwanza."

"Aliyeuliza kwanza ni Bwana Mlingwa, na amefifia."

"Hajafifia. Yuko mkeka wa nane."

Nikaenda mkeka wa nane. Bwana Mlingwa amekaa chini, viatu kavua, soksi ya kulia imetoboka kidole. Ubavuni kwake imekaa fomu, imekonda kuliko yangu, na chini yake kuna sahihi yake mwenyewe.

"Na wewe, bosi?"

Akatazama sinia lake lililojaa. "Makao makuu waliniuliza. Nikasema hapana. Mtu mzima, mkuu wa kitengo, nanawa kwa karibu ya kwanza? Nilijua watarudia."

"Hawakurudia."

"Vikao naviendesha kwenye ngazi za jirani," akasema harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Intaneti yake inafika pale tu. Wakifungua mlango najifanya naongea na simu ya kawaida. Na nyinyi nawaambia mfungue kamera, ili mtu asiniulize mbona yangu inayumba."

Nilimwonea huruma. Kutoka juu, kupitia mlango wa kabati, nilimsikia Kikao akiuliza kama anasikika, na sauti ya mama ikashuka nayo. "Kibibi! Zimebaki mia na hamsini!"

Nikachuchumaa. "Bwana Mlingwa, karibu chakula."

"Nimeshiba, asante."

"Karibu bosi. Hata tonge moja."

Akaificha soksi iliyotoboka chini ya paja. "Labda maji."

"Karibu bwana! Nakula na nani mimi?"

Akanawa. Alikula tonge la kwanza amefumba macho, na la pili akilia. Kisha akajifuta, akanikabili vizuri kama kiongozi, akasema maneno niliyoyangoja miezi minane.

"Kibibi, je, unahitaji ofisi ikuchangie gharama za intaneti?"

Na ulimi wangu, Mungu ausamehe, ukajibu kabla yangu.

"Hapana, asante. Nimeshiba."

Bwana Mlingwa akatikisa kichwa kwa kuelewa. Yeye ni mtu wa desturi. Akavuta pumzi ili aulize mara ya pili, na pumzi ya bosi ni ndefu. Anavuta. Bado anavuta. Ukumbi mzima wa fomu umegeuza nyuso kututazama.

"Zimebaki arobaini!" mama anaita. "Halafu Kibibi, njoo uone, moja ina mtoto ndani yake!"

Sikupanda. Ukumbi ulikuwa umeshakuwa sinia letu, nami nimesimama ukingoni. Punje moja katikati ni kubwa kuliko nyingine, na ndani yake amekaa Nasra juu ya sanduku lake la safari, mdogo kama sindano. Ananipungia mkono. Anasema neno, lakini punje imefunga, sauti haitoki. Juu yake mkono wa kushoto wa Kikao unashuka.

Bwana Mlingwa bado anavuta pumzi.

"Nahitaji!" nikapiga kelele. Nikaudaka ule mkono wa Kikao kwa mikono yangu miwili. "Nahitaji! Sijashiba! Nimekaa na njaa miezi minane, msiniulize tena, nahitaji!"

Nyuso zote za Kikao zikanyamaza. Kisha moja ikasema, taratibu, "Sasa tunakusikia."

Nikaamka nimeshika mguu wa cherehani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika saba. Kikao kimenipita. Niliruka kama mtu aliyemwagiwa maji, nikaitafuta simu, nikaikuta chini ya mto. Bando lilikuwa zima, halijaguswa. Palikuwa na ujumbe mmoja wa Bwana Mlingwa, wa saa tisa na dakika kumi.

"Kibibi, kikao kimevunjika, mtandao wangu umekata katikati. Samahani. Hivi ile fomu ya mwaka jana, kweli ulimaanisha hapana?"

Niliandika, "Nahitaji," nikautuma kabla adabu haijaamka. Halafu nikaandika mwingine. "Na wewe bosi? Kweli unatosheka na ngazi za jirani?"

Alianza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Simu ikalia, ni Nasra, nikakimbia nayo uani.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Nasra alikuwa amesimama kwenye jiko la vigae vyeupe, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi.

"Mwanangu, u mzima?"

"Mzima mama, sina neno."

Tukaikodolea macho simu, mimi na mama, tukisubiri ikate. Haikukata. Mama akanitazama kidogo, kama aliyefika mahali ambapo hajawahi kufika.

"Mzima kabisa?" akauliza.

"Mzima, mama. Ni kazi tu. Umependeza na hiyo kanga."

"Nasra. Nakuuliza tena. U mzima?"

Nilidhani picha imeganda. Kisha nikaona anapepesa macho, na mdomo unamchezacheza.

"Mama, nataka kurudi nyumbani."

"Njoo," mama akasema. "Njoo mwanangu. Njoo."

Nasra alikubali kwa njoo ya kwanza, alikuwa anaitikia kwa kichwa hata mama hajamaliza. Wakazungumza. Mkataba unaisha lini, paspoti anayo nani, nauli tutaipataje. Sikumbuki yote, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia. Tukaagana naye bando likiwa bado lipo, jambo ambalo halijatokea tangu aondoke.

Mama akavuta upindo wa kanga ajifute macho. Akashtuka, akajishika kifuani.

"Kuna kitu kinanichoma hapa. Nani kanibandika hiki?"

Akachomoa pini, akanipa kikaratasi bila kukitazama, akaenda kuangalia maharage. Kilikuwa kimekunjamana, mwandiko wa wino wa buluu. Mgeni namba nne. Saa ya kuingia, nane na nusu. Saa ya kutoka haikuandikwa.